Kuwapiga Picha Vipepeo wa Turkana

Msafiri apitaye njia kuu itokayo Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa kilometa 120 hivi, huona mchanga, mawe na miiba, akadhani kwamba nchi hiyo haina viumbe ila mbuzi na ngamia. Lakini mvua ikinyesha, hata ikiwa haba, vichaka vilivyo kando ya mito hujaa vipepeo baada ya majuma machache. Mtu yeyote mwenye kamera ndogo, au simu yenye kamera, aweza kuwapiga picha, hata kama hakufundishwa kazi hiyo. Yafaa kujua jinsi ya kufanya majaribio hayo, na faida ipatikanayo.

KAZI YA ZAMANI

Kuwapiga picha wanyama wa porini si jambo jipya katika Afrika Mashariki. Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, ambaye alikuwa mwindaji wala si mpiga picha kwa kazi, alisafiri mwaka 1903 na 1904 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alitega kamera zake usiku penye maji, akatandaza waya. Mnyama alipougusa waya, unga wa magnesi uliwaka ghafula kama umeme, na picha ikapigwa. Mwaka 1905 alitoa kitabu, na watu wa Ulaya wakawaona wanyama wa Afrika walivyo hai gizani. Vyombo vyake vilikuwa vizito, vikachukuliwa na wapagazi. Leo chombo cha kutosha huingia mfukoni. Lakini kanuni aliyoifuata haikubadilika: kwanza ujue mnyama huja wapi, na saa ngapi.

UFUATE MTI, UTAMWONA KIPEPEO

Kipepeo hatagi mayai yake popote. Huchagua mmea ambao majani yake yatakuwa chakula cha viwavi wake. Huko Turkana wapo vipepeo wadogo weupe wenye ncha za mbawa nyekundu au za rangi ya machungwa. Viwavi wa wengi wao hula majani ya miti ya jamii moja na ule ambao Waturkana huuita edung. Wengine wa ukoo huo hutegemea mswaki, ambao Waturkana huuita esekon. Kwa hiyo mwenye kamera asikimbie huku na huko akiwafukuza vipepeo. Atafute mti wao, akae karibu nao, angoje.

Mahali pengine pazuri ni mchanga wenye unyevu. Mto Tarach upitao Kakuma hukauka sehemu kubwa ya mwaka, lakini maji yakipungua huacha madimbwi. Vipepeo, hasa wa kiume, hukusanyika hapo kufyonza maji yenye chumvi, na wakiisha kuanza kunywa hawashtuki upesi. Katika Lodwar, kingo za mto Turkwel zina miti na maua kwa muda mrefu zaidi.

SAA NA MWENDO

Kipepeo hawezi kuruka vema mpaka mwili wake upate joto. Asubuhi hukunjua mbawa na kuota jua, na huo ndio wakati wa kumpiga picha. Lakini Lodwar ina joto hata usiku, kwa hiyo nafasi hiyo ni fupi. Afadhali kuwa kazini tangu saa kumi na mbili na nusu, jua lichomozapo, hata saa tatu. Mchana mwanga wa jua huwa mkali mno, vivuli huwa vyeusi, na vipepeo wengi hujificha chini ya vichaka.

Mkaribie polepole, ukiwa umeinama. Usiache kivuli chako kimwangukie, kwa maana kivuli kwake ni dalili ya ndege ajaye kumla. Ukifika karibu sana, sehemu itakayoonekana wazi katika picha huwa nyembamba mno. Basi ishike kamera sambamba na mbawa, zisije zikaonekana nusu wazi na nusu kama ukungu. Simu isiyoweza kuona vema kwa karibu yaweza kusaidiwa na kioo kidogo cha kukuza, kikiwekwa mbele ya jicho lake. Piga picha nyingi. Kumi zikiharibika na moja ikafaa, kazi haikupotea.

Upepo wa Turkana huchukua vumbi jingi. Kamera ifungwe mfukoni isipotumiwa, wala isiachwe juani.

WANYAMA WENGINE, NA TAHADHARI

Maarifa hayo hayo yafaa kwa mijusi, hondohondo na digidigi. Lakini ndege aliye katika kiota asisumbuliwe. Akiondoka kwa hofu, jua la huko laweza kuyaua mayai yake kwa muda mfupi. Tena, yeyote aingiaye katika mto mkavu atazame mawingu ya milimani, kwa kuwa mafuriko huja ghafula hata pasiponyesha mvua. Atazame pia nyoka na nge kabla ya kupiga magoti. Penye visima, wachungaji waombwe ruhusa. Kadhalika katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, si adabu kumpiga mtu picha bila idhini yake.

FAIDA YAKE

Kenya ina aina zaidi ya 800 za vipepeo, lakini kaskazini wataalamu hupita mara chache. Picha iliyo wazi, ikiandikwa tarehe, mahali na jina la mti, huwa ushahidi. Mtu aweza kuipeleka katika mtandao uitwao iNaturalist, ulioanzishwa mwaka 2008, ambapo wajuzi husaidia kumtambua kiumbe. Picha isiyo na tarehe wala mahali ni pambo tu.

Ushahidi huo wahitajiwa. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka, na mti mkubwa ukikatwa huchukua miaka mingi kurudi. Wenyeji na wageni wote wahitaji kuni na makaa, nao hawawezi kulaumiwa kwa kutaka kupika. Lakini esekon ikiisha mahali, vipepeo wanaoitegemea nao hutoweka, na watoto hukosa matunda yake, na mbuzi hukosa majani wakati wa kiangazi. Mwenye kuandika mwaka hata mwaka ni vipepeo gani aliowaona, na penye mti gani, ataweza kuwaonyesha wazee na wakuu wa mahali pake kinachopungua kabla hakijaisha kabisa. Kazi hiyo haidai elimu kubwa. Yadai subira, daftari na kalamu.