Talaka Isiyo na Waraka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo waliwaambia wafanyi biashara, lakini naona yangefaa zaidi kutundikwa juu ya milango ya nyumba zetu, maana sisi watu wa pwani ni hodari sana wa kuandika deni la kilo mbili za sukari, na ni wavivu kupindukia wa kuandika talaka. Siku ya ndoa khatibu huja na kitabu chake, walii akatia sahihi, mashahidi wakatia sahihi, na cheti kikawekwa kabatini pamoja na dhahabu. Siku ya kuachana neno hutamkwa ukumbini, au siku hizi katika simu, mwanamke akafunga sanduku lake akarudi kwao, na watu wakadhani mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Nimeyaona hayo huko Migori na Homa Bay, nilikokwenda kwa ajili ya mpwa wangu mmoja ambaye jina lake nitalihifadhi. Yeye alihitaji karatasi moja tu, yenye kusema kwamba si mke wa mtu.

Msomaji ambaye hajafika upande huo wa ziwa afahamu kwamba kaunti hizo mbili zamani zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, na makao makuu yake yalikuwa Homa Bay. Waislamu wapo, tena si wa jana. Kendu Bay ni bandari ya zamani ya ziwa, na katika mtaa wake wa kale wako Wajaluo waliourithi Uislamu kutoka kwa babu zao. Huzungumza Kijaluo sokoni na kusoma Yasini msibani kama sisi wa Mji wa Kale. Migori nako utawakuta Wasomali wa maduka na watu wa kila kabila waliovutwa na biashara ya mpakani Isebania. Vijana wetu wa Mombasa huenda huko, wakaoa, wakaoza, wakaachana.

Sasa tuingie katika masjala ya korti. Jambo la kwanza analouliza karani si jina la mume wala la mke. Huuliza namba ya kesi na mwaka. Rejista hufuata namba, kadiri kesi zilivyoletwa mwaka ule, basi asiye na namba hana budi kukisia mwaka na kuteremka na kidole mstari kwa mstari. Na hapo ndipo majina yetu yanapotuumbua. Mwanamke aliyeitwa Fatuma binti Ali siku ya ndoa, katika kitambulisho ni Fatuma Ali Salim, na kwa wakwe zake wa Kijaluo ni Nya-fulani, yaani binti wa mahali fulani. Herufi nazo zina vituko vyake: Khadija anaweza kuandikwa Hadija, Katija au Kadija, na kila moja ikawa mbali na mwenziwe katika orodha. Ushauri wangu kwa mwenye safari kama hiyo ni kwamba aende na majina yote, ya mke na mume, ya baba zao na ya utani, na mwaka mmoja kabla na mmoja baada ya ule anaoukumbuka. Wazee hukumbuka mwaka kwa njaa na kwa uchaguzi. Karani hukumbuka kwa namba.

Tena korti si moja. Aliyefunga ndoa kanisani au kwa Msajili, talaka yake huamuliwa na hakimu, nayo ina jalada, hukumu na amri ya mwisho. Kwa kesi za zamani huenda ukalazimika kupanda basi mpaka Kisii au Kisumu, maana Mahakama Kuu zilizoko leo Migori na Homa Bay ni za miaka ya karibuni. Walioana kwa mila walipelekana kwenye korti za Waafrika, zilizofutwa mwaka 1967 na kazi yake kupewa mahakimu, na huko shauri kubwa lilikuwa ng'ombe: wangapi walitolewa, wangapi wamerudishwa, na watoto ni wa nani. Eugene Cotran, aliyekusanya sheria za ndoa za makabila ya Kenya katika kitabu kilichotoka mwaka 1968, aliwaweka Wajaluo na Wakuria miongoni mwao. Ukitazama vyema utaona kwamba ng'ombe ndiye aliyekuwa waraka wao. Akirudi zizini kwa mwenyewe mbele ya wazee, kila mtu ameisoma talaka hiyo, hata asiyejua kusoma.

Sisi tuna Kadhi. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ililetwa na Waingereza mwaka 1906. Sheria ya Ndoa ya 2014, iliyozikusanya zile za zamani pahala pamoja, imeacha talaka ya Kiislamu ihukumiwe na sheria ya Kiislamu, lakini imetaka Kadhi, shehe au imamu anayetoa hati ya kuvunja ndoa ampelekee Msajili nakala. Hapo hapana jambo la kigeni kwetu. Surat at-Talaq imeagiza mashahidi wawili waadilifu, na aya ya deni katika Surat al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inahusu kuandika. Lililo geni ni uvivu wetu.

Mtu atasema: wazee wetu hawakuandika, na mambo yalikwenda. Kwa mtu huyo nina kisa cha Kendu Bay hiyo hiyo, kinachojulikana ulimwengu mzima ingawa wengi hawakitazami kwa jicho hili. Kijiji cha Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, ndipo alipozaliwa Barack Obama mkubwa, baba wa rais wa 44 wa Marekani. Babake, Onyango, alisilimu akaitwa Hussein. Kijana huyo alimwoa Kezia kwa mila katika miaka ya 1950, na mwaka 1959 akaenda kusoma Hawaii akimwacha mkewe nyumbani. Tarehe 2 Februari 1961 akafunga ndoa huko na Ann Dunham. Maofisa wa uhamiaji wakauliza: na yule wa Kenya je? Katika kumbukumbu zao za mwaka huo, ambazo baadaye zilitolewa hadharani, imeandikwa kwamba alidai wameachana, na kwamba kwao yatosha mume kumwambia mke kuwa amemwacha. Hati hakuwa nayo. Ofisa akaandika aliyoambiwa, faili likafungwa.

Sasa linganisha. Ann Dunham alipeleka ombi la talaka katika korti ya Honolulu mwezi wa Januari 1964, na Machi ndoa ikavunjwa. Jalada lile lipo mpaka leo na watu wamelisoma. Mwaka uliofuata aliolewa na mume mwingine, na hakuna aliyemwuliza swali. Lakini Kezia wa Kendu Bay, mke wa kwanza, hakuwa na karatasi ya kuachwa wala ya kutoachwa. Mume alipofariki katika ajali ya gari Nairobi, Novemba 1982, mirathi yake iliingia Mahakama Kuu, na miongoni mwa yaliyogombaniwa ni nani hasa alikuwa mke. Neno lililosemwa kiholela Hawaii mwaka 1961 likaja kuwasumbua watu Nairobi, msemaji akiwa kaburini.

Narudi kwa mpwa wangu. Aliolewa Migori na kijana mmoja mfanyi biashara. Mwaka 2012 alikuja kwetu Mombasa kujifungua, na akiwa bado mjamzito habari zikamfikia kwa mdomo wa shemeji kwamba ameachwa talaka moja. Akajifungua, eda yake ikaisha kwa kuzaa kama sheria isemavyo, akakaa na mwanawe. Miaka ikapita. Juzi juzi akaposwa na mtu mstahiki, na khatibu akataka hati. Wanawake wa nyumbani walimlaumu khatibu kwa ukali, ila mimi sikumlaumu. Bila ya ushahidi wa talaka, huyu ni mke wa mtu, na khatibu aliyemwoza ataulizwa duniani na Akhera.

Tulisikia kwamba mume alikuwa ameandikisha korti ya Migori. Karani wa pale, kijana mpole, alipekua rejista za miaka mitatu nami nikisimama kando, kisha akasema, "Mzee, hapa hatuweki maneno, tunaweka karatasi. Hakuna aliyeleta karatasi." Homa Bay jawabu lilikuwa lile lile, kwa maneno machache zaidi. Sikushangaa, kwa kuwa talaka iliyotamkwa nyumbani haijipeleki kortini yenyewe. Hata huu utaratibu wa siku hizi wa kupeleka kesi kwa kompyuta, ulioenezwa katika mahakama zote nchini mwezi wa Machi 2024, hauwezi kutoa jalada ambalo halikuwahi kufunguliwa.

Aliyetuokoa ni mwanamke mmoja muuza omena sokoni Homa Bay, aliyesikia mazungumzo yetu na dereva wa teksi. Alituuliza kama yule mume hakuwahi kukaa Kendu Bay. Aliwahi. Basi nendeni kwa mwalimu, akasema, yeye huandika kila kitu.

Mwalimu huyo ni mzee wa chuo, Mjaluo, macho yamefifia lakini akili ni wembe. Alitutolea sanduku la bati, na ndani yake mlikuwa na madaftari ya shule ya kurasa 96, yameandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri ambayo siku hizi hata Lamu huipati kwa vijana. Ndoa, talaka, maziko, zaka ya fitri. Tukafungua la 2012. Pale palikuwa na jina la mume, jina la mpwa wangu likiwa na la babake na la babu yake, tarehe kwa mwezi wa Kiislamu na kwa mwezi wa Kizungu, talaka moja, na mashahidi wawili. Mpwa wangu, ambaye tangu Mombasa hakuwa amesema mengi, alishika ukurasa ule kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkate wa moto.

Lakini daftari la mwalimu si hukumu. Mume siku hizi anakaa Kisumu, kwa hiyo shauri lilifunguliwa kwa Kadhi huko. Ziliandikwa hati za madai, ada ikalipwa kwa simu, mume akaitwa. Tulihofu kwamba hatakuja, maana simu zetu alikuwa hazipokei. Alikuja, amevaa kanzu safi, akakiri bila ubishi kwamba alimwacha na kwamba hakumrejea katika eda. Shahidi mmoja amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Wa pili alitoa ushahidi. Tarehe iliyomo daftarini ndiyo iliyomaliza kazi, kwa kuwa ilionyesha talaka ilitangulia kuzaliwa kwa mtoto, na hivyo eda ilikwisha kwa uzazi ule. Matunzo ya mtoto ni shauri jingine, na mama mtu ameshauriwa alifungue peke yake. Hati ya Kadhi ilitoka, ina muhuri na namba ya kesi, na tuliomba nakala tatu zilizothibitishwa: moja ya khatibu, moja ya kabati, na moja ya kuwa mkononi wakati wa kufuatilia kama ile iliyokwenda kwa Msajili imeingizwa.

Daftari nililirudisha mwenyewe Kendu Bay, maana mwalimu alilitoa kwa amana na hakutaka lipitie mikono ya makondakta. Alilihesabu pamoja na mengine kabla ya kulirejesha ndani ya sanduku. Nikamwuliza yeye akiondoka atamwachia nani. Akaniambia mjukuu wake mkubwa yuko Nairobi, ana kazi nzuri, humpigia simu kila Ijumaa, ila herufi zile hazijui.