Gharama ya dakika 90 katika zamu ya muuguzi wa Aija

Pendekezo la kuwapa wahudumu wa afya nafasi ya kuandika, kuchora au kuimba huletwa mara nyingi kama jambo la bure: panahitajika chumba, kalamu na nia njema. Makala haya yanapiga hesabu ya pendekezo hilo kwa Aija, mtaa wa Sur, Omani, ulio ng'ambo ya hori. Hapa muuguzi anaweza kuongea Kiarabu kwa mgonjwa, Kiswahili kwa shangazi yake na Kiingereza kwa mwenzake aliyetoka Kerala au Manila.

Kipimo nilichotumia ni mpango wa sanaa uliojaribiwa Colorado, Marekani, kati ya Septemba 2020 na Julai 2021, wakati wa korona. Wahudumu walikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, wiki 12 mfululizo. Hizo ni saa 18 kwa mtu. Sheria ya Kazi ya Omani ya 2023, inayohusu sekta binafsi, inaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki. Mwenye wiki 48 za kazi kwa mwaka ana saa 1,920, na 18 kati ya hizo ni asilimia 0.94. Watetezi wa mpango hupenda kuishia kwenye asilimia hiyo.

Tuigeuze iwe fedha. Tuseme kituo kina wahudumu 40, kila mmoja akilipwa riali 700 kwa mwezi. Hiyo 700 ni dhana yangu, si takwimu ya wizara. Kima cha chini cha Muomani katika sekta binafsi ni 325. Saa 40 kwa wiki ni saa 173.3 kwa mwezi, kwa hiyo saa moja ni riali 4.04. Saa 18 ni riali 72.7, na kwa watu 40 ni 2,908.

Ongeza mwalimu. Vikundi 4 vya watu 10, kila kimoja vipindi 12, ni vipindi 48. Kwa riali 25 kila kipindi, ni 1,200. Karatasi, rangi na chai, riali 10 kwa mtu, ni 400. Jumla ni riali 4,508. Kwa jamaa walioko Unguja, nikikadiria riali moja kuwa shilingi 6,500 za Tanzania, hiyo ni 29,302,000, au 732,550 kwa kila mhudumu. Muda umekula asilimia 64.5, mwalimu 26.6, vifaa 8.9. Ukiona bajeti ya sanaa kazini iliyoorodhesha rangi na mwalimu peke yake, jua theluthi mbili haijaandikwa.

Njia ya kuifuta theluthi mbili hiyo inajulikana: vipindi vinawekwa baada ya zamu. Jumla inashuka hadi 1,600 na mkurugenzi anatia saini haraka. Lakini zile saa 720 bado zipo. Zimetolewa kwenye usingizi wa mhudumu, au kwenye pilau ya Ijumaa ambayo ilibidi mtu mwingine aipike.

Je, kinachonunuliwa kina thamani hiyo? Katika jaribio la Colorado, alama za wasiwasi za walioshiriki zilishuka kwa asilimia 27.8, za sonona 35.5, za kiwewe 25.8. Uchovu wa kihisia, yaani ile hali ya mtu kuhisi kazi imemkausha, ulipungua kwa 11.6. Nambari inayovutia macho ni 35.5, inayomhusu mwajiri ni 11.6. Kipimo cha Maslach cha uchovu huo huenda hadi alama 54, na kuanzia 27 huhesabiwa juu. Aliyekuwa na 30 atashuka hadi 26.5 na kuvuka mstari kwa nusu alama. Aliyekuwa na 36 atafika 31.8, bado yuko juu. Na washiriki walikuwa wengi wao wanawake weupe wa mji mmoja, jambo ambalo msomaji wa Sur ana haki ya kulipima.

Takwimu nyingine hubebwa mbali kuliko ilivyokusudiwa. Utafiti wa Shanafelt na wenzake wa 2009 ulikuta kwamba, kati ya madaktari wa hospitali ya chuo waliopata chini ya asilimia 20 ya muda wao kwa kazi waliyoithamini zaidi, asilimia 53.8 walikuwa wamechoka kupita kiasi. Kwa waliopata 20 au zaidi, ilikuwa 29.9. Tofauti hiyo ni kubwa, na watetezi wa sanaa huishika. Ila asilimia 20 ya wiki ni saa 8, wala si dakika 90. Pia, asilimia 68 ya madaktari wale walitaja kuhudumia wagonjwa kuwa ndiyo kazi waliyoithamini zaidi. Huenda mwenye rekodi nne za kujaza kwa kila mgonjwa anahitaji fomu chache kabla ya rangi za maji.

Kuna hoja ya akiba: mhudumu asipochoka, haondoki. Kampuni moja ya Marekani ilikadiria mwaka 2024 kwamba muuguzi mmoja akiondoka, hospitali hupoteza dola 56,300, kama riali 21,600. Kwa kiwango hicho, kumbakisha mmoja tu kunalipa mpango mara 4.8. Kampuni hiyo inauza huduma ya kuajiri wauguzi. Nikidhani badala yake kwamba kumpata mpya kunagharimu mishahara mitatu, yaani riali 2,100, ni lazima wabaki watatu kati ya 40 ambao vinginevyo wangeondoka, asilimia 7.5.

Wapo waliofanya yote mawili, tiba na sanaa, bila bajeti. Dkt. Margaret Ogola wa Kenya alikuwa daktari wa watoto alipochapisha riwaya yake mwaka 1994 na kutwaa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Dkt. Yusuf Dawood, daktari wa upasuaji wa Nairobi, aliandika safu yake katika Sunday Nation kwa miongo kadhaa. Gharama kwa hospitali: sifuri. Lakini hao ni waliofika, na hakuna daftari la waliofunga kurasa zao usiku wakalala. Pande za Sur zina ngoma ya leiwa, iliyovuka bahari kutoka Afrika Mashariki, na zumari lake. Muuguzi anayejua kulipiga hahitaji mwalimu wa riali 25. Zamu yake bado inahitaji mtu.

Basi tuhesabu zamu. Watu 40 kwa dakika 90 ni saa 60 kwa wiki: mfanyakazi mmoja na nusu kwa wiki 12. Hospitali yenye wauguzi 20 katika zamu, akitoka mmoja, imepunguza asilimia 5. Kituo chenye wauguzi 4 kimepunguza 25, na foleni ya chanjo iko pale pale. Zamu zikiingiliana kwa nusu saa, vipindi vifupi vya dakika 30 vinaweza kuingia humo bila mbadala, vitatu kwa wiki vikitimiza zile 90. Bei yake ni muda wa kukabidhiana wagonjwa, na huo hakuna aliyeutia kwenye bajeti.