Radi haiondoi joto: maana ya maonyo mawili katika utabiri wa majira ya joto Marekani

KILA mwaka kati ya Juni na Agosti, taarifa za utabiri wa hali ya hewa kwa majimbo ya kati na mashariki mwa Marekani huweka maonyo mawili bega kwa bega: wimbi la joto kali na dhoruba kali za radi.

Msomaji mwenye haraka huweza kudhani kwamba onyo la pili ni dawa ya la kwanza. Kwamba mvua ikishanyesha, joto litakuwa limekwisha. Kumbukumbu za Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani zinaonyesha kinyume chake.

Katika dhoruba ya Juni 29, 2012, upepo uliua watu 13, wengi wao wakiangukiwa na miti. Joto lililofuata liliua watu 34 katika maeneo yaliyokosa umeme kutokana na dhoruba hiyo hiyo.

Kwa maneno mengine, waliokufa baada ya upepo kupita walikuwa wengi zaidi kuliko waliouawa na upepo wenyewe. Ili kuelewa sababu, ni lazima kuyatazama maonyo hayo mawili kama sehemu za jambo moja.

Joto linavyojikusanya

Wimbi la joto huanza pale eneo pana lenye mgandamizo mkubwa wa hewa linapotua juu ya nchi na kukaa hapo kwa siku kadhaa. Hewa ya juu hushuka, na kadiri inavyoshuka hubanwa na kupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto wakati wa kujaza upepo.

Chini ya eneo hilo mawingu hayapati nafasi ya kukua. Jua huwaka tangu asubuhi hadi jioni, ardhi hukauka, na kila siku mpya huanza na masalia ya joto la jana. Watabiri hulifananisha umbo hilo na kuba lililofunika nchi.

Tofauti na joto kavu la jangwa la Arizona, joto la mashariki mwa Marekani huwa na unyevu mwingi. Pepo za kusini hubeba mvuke kutoka Ghuba ya Mexico, na mashamba makubwa ya mahindi ya Iowa na Illinois huongeza mvuke mwingine unaotoka katika majani yake.

Unyevu huo ndio unaofanya kipimajoto peke yake kisitoshe kueleza hatari. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imejaa mvuke, jasho hutiririka bila kukauka. Kwa sababu hiyo watabiri hutumia kipimo kinachounganisha joto na unyevu. Kwa kipimo hicho, hewa ya nyuzi joto 32 za Sentigredi yenye unyevu wa asilimia 70 huuelemea mwili kama hewa ya nyuzi 41.

Chakula cha dhoruba

Mvuke unaomchosha binadamu ndio unaoilisha dhoruba. Hewa yenye joto na unyevu ni nyepesi na hutaka kupanda, lakini katikati ya kuba tabaka la hewa ya moto iliyo juu yake huizuia, kama kifuniko kizito kilichowekwa juu ya sufuria inayochemka. Nguvu hujikusanya chini bila njia ya kutokea.

Pembezoni mwa kuba kifuniko hicho ni chepesi, na huko ndiko pepo kali za anga ya juu hupita. Hewa ya chini ikipata upenyo, hupanda kwa kasi na kujenga mawingu ya radi yanayoweza kuzidi kimo cha kilomita 12. Dhoruba hizo huzunguka ukingo wa kuba, moja baada ya nyingine, na watabiri wa Marekani wameupa ukingo huo jina la "pete ya moto".

Upepo wenye kuleta maafa hutoka ndani ya mvua yenyewe. Matone yanapopita katika hewa kavu, sehemu yake hugeuka mvuke kabla ya kufika chini, na kitendo hicho huipoza hewa kama maji yanavyojipoza ndani ya mtungi wa udongo. Hewa iliyopoa ni nzito. Huporomoka, hugonga ardhi na kusambaa kwa kasi.

Mara nyingine upepo huo huinyanyua hewa ya moto iliyo mbele yake, mawingu mapya yakazaliwa, nayo yakaporomosha upepo mwingine. Mstari wa dhoruba hujilisha wenyewe ukisonga mbele, na katika rada huonekana kama upinde uliovutwa.

Dhoruba ya namna hiyo huitwa derecho, neno la Kihispania lenye maana ya "moja kwa moja". Mwanasayansi Gustavus Hinrichs wa Iowa ndiye aliyelitumia mwaka 1888, ili kuutenganisha upepo unaokwenda mbele kwa mstari na kimbunga kinachozunguka. Maelezo ya wataalamu ya mwaka 1987 yalitaka uharibifu uenee umbali wa kilomita 400 au zaidi, na upepo ufikie kasi ya kilomita 93 kwa saa katika sehemu kubwa ya njia yake.

Usiku wa Juni 29, 2012

Mchana wa Juni 29, 2012, Washington ilifikia nyuzi 40, joto ambalo halikuwa limewahi kupimwa katika mji huo mwezi wa Juni. Wakati huo huo, mamia ya kilomita upande wa magharibi, dhoruba zilikuwa zimeanza kujipanga kusini mwa Ziwa Michigan.

Huko Fort Wayne, Indiana, upepo ulipimwa kuwa na kasi ya kilomita 146 kwa saa. Dhoruba ikavuka Ohio, ikapanda milima ya West Virginia na kuteremkia Virginia na Maryland. Iliingia Washington kati ya saa 4 na saa 5 usiku, ikiwa imesafiri kiasi cha kilomita 1,000 tangu mchana.

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ilikiri baadaye kwamba dhoruba hiyo haikutabiriwa vema mapema. Ilieleza kuwa dhoruba za aina hiyo katika msimu wa joto huchochewa na mabadiliko madogo ya hewa ambayo ni vigumu kuyatambua zaidi ya saa 12 hadi 24 kabla.

Wateja wapatao milioni 4 walikatikiwa na umeme, baadhi yao kwa muda wa wiki nzima. Mteja mmoja katika hesabu hiyo aweza kuwa nyumba yenye familia nzima, hivyo idadi ya watu waliobaki gizani ilikuwa kubwa zaidi.

Mawasiliano ya dharura nayo yaliyumba. Ripoti ya Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho iliyotolewa Januari 2013 ilieleza kuwa vituo 77 vya kupokea simu za 911, vinavyohudumia watu zaidi ya milioni 3.6 katika majimbo sita, vilipoteza mawasiliano kwa kiwango fulani. Kati ya hivyo, 17 vilizimika kabisa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni jenereta za akiba ambazo hazikuwaka zilipohitajika.

Baada ya upepo kupita

Dhoruba hupoza hewa, lakini kwa saa chache. Hewa baridi inayoiacha nyuma ni tabaka jembamba lililolala juu ya ardhi, ilhali kuba la joto lina upana wa majimbo kadhaa na kimo cha kilomita nyingi. Asubuhi jua huchomoza, tabaka hilo hupashwa moto, na maji ya mvua yaliyomo ardhini huongeza unyevu hewani.

Ndivyo ilivyokuwa Washington. Tangu Juni 28 hadi Julai 8, 2012, kwa siku 11 mfululizo, joto lilifikia nyuzi 35 au zaidi. Julai 7 lilipanda hadi karibu nyuzi 41.

Katika hali hiyo, nyumba isiyo na umeme huwa mtego. Kiyoyozi hakifanyi kazi, jokofu halipozi, na lifti za majengo marefu husimama. Usiku, wakati moyo na mishipa hupaswa kupumzika, joto la ndani hukataa kushuka. Wanaoelemewa kwanza ni wazee, watoto wachanga, wagonjwa wa moyo na wale wanaotumia dawa zinazopunguza maji mwilini.

Joto peke yake, hata bila dhoruba, limekwisha kuonyesha nguvu yake. Julai 1995, wimbi la joto la siku chache mjini Chicago lilisababisha vifo vya watu zaidi ya 700. Wengi walikuwa wazee, na wengi waliishi peke yao.

Mji wa Houston, Texas, ulipata funzo hilo mara mbili katika mwaka mmoja. Mei 16, 2024 derecho yenye upepo wa kiasi cha kilomita 160 kwa saa iliwakatia umeme wateja karibu milioni 1. Julai 8 mwaka huo huo kimbunga cha baharini Beryl kiliwakatia wateja zaidi ya milioni 2. Baadhi ya waliokufa baada ya Beryl walikufa kwa joto, ndani ya nyumba zisizo na umeme.

Namna ya kusoma utabiri

Uwezekano wa dhoruba kali nchini Marekani hutangazwa na Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilichopo Norman, Oklahoma. Tangu mwaka 2014 kituo hicho hutumia ngazi tano za hatari. Ngazi ya chini haimaanishi kwamba dhoruba itakayotokea itakuwa ndogo. Ina maana kwamba maeneo yatakayopatwa yanatarajiwa kuwa machache, na atakayepatwa aweza kupatwa vibaya.

Tahadhari hutolewa kwa hatua mbili. Ya kwanza huwataka watu wakae macho, kwa kuwa hali ya anga inaruhusu dhoruba kali kuzuka katika saa zijazo. Ya pili ni onyo kamili: dhoruba imekwisha kuonekana katika rada au kwa macho, na ni wakati wa kuingia ndani.

Dhoruba huhesabiwa kuwa kali ikiwa upepo wake unafikia kilomita 93 kwa saa au mvua yake ya mawe ina vipande vyenye upana wa sentimita 2.5. Umeme wa radi haumo katika kipimo hicho, kwa sababu kila dhoruba yenye ngurumo inao. Hivyo dhoruba isiyotangazwa kuwa kali bado yaweza kuua. Wataalamu hushauri kubaki ndani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho kusikika.

Tangu Agosti 2021, maonyo ya dhoruba yenye upepo wa kiasi cha kilomita 130 kwa saa au zaidi hutumwa moja kwa moja katika simu za mkononi za walio katika eneo husika.

Kwa asiyezoea vipimo vya Farenhaiti vinavyotumika Marekani, inatosha kukumbuka vitatu: 95 ni sawa na nyuzi 35 za Sentigredi, 100 ni karibu 38, na 104 ni 40.

Kujiandaa kabla ya giza

Maonyo hayo mawili yakitangazwa pamoja, matayarisho ya joto hufanyika kabla ya dhoruba, kwa kuwa baada yake huenda umeme usiwepo. Simu huchajiwa mapema, maji ya kunywa huwekwa akiba, na familia hukubaliana itahamia wapi iwapo nyumba haitakalika.

Jokofu lisilofunguliwa huhifadhi chakula kwa takriban saa 4 tu, na friza iliyojaa kwa saa 48. Wenye dawa zinazohitaji ubaridi, kama insulini, wanahitaji mpango wao mapema. Jenereta huwekwa nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Feni nayo ina mipaka. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, feni hupuliza moto juu ya mwili. Maji juu ya ngozi, au saa chache katika jengo lenye ubaridi, husaidia zaidi.

Miongoni mwa wakazi wa Maryland, Virginia na Texas wamo maelfu ya Wakenya na Watanzania. Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam aweza kuona nyuzi 33 kuwa jambo la kawaida, na hapo ndipo anapoweza kukosea. Nyumba za pwani zimezoea kupitisha upepo. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kuzuia baridi ya Januari, na vyumba vya maghorofa marefu mara nyingi vina madirisha yasiyofunguka. Bila kiyoyozi, kuta hizo hizo hushika joto.

Kwa kila nyuzi 1 ya Sentigredi ya ongezeko la joto, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, na wanasayansi wamethibitisha kwamba mawimbi ya joto yanazidi kuwa ya mara kwa mara kadiri dunia inavyopata joto. Ukurasa wenye maonyo mawili utaendelea kuonekana. Mtabiri akisema dhoruba itapita usiku, swali la kuuliza ni iwapo jirani mzee anayeishi peke yake atakuwa na umeme asubuhi, na nani atakayebisha hodi mlangoni pake.