Kazi ya mteja wa siri: vifaa unavyohitaji na majukumu ya kukataa

Huenda nawe umepokea ujumbe wa aina hii. Katika vikundi vya WhatsApp vya mitaa na vijiji vyetu hupitishwa matangazo ya kazi ya mystery shopper, yaani mteja wa siri. Masharti huonekana mepesi: ingia dukani, nunua kitu, jaza fomu kwenye simu, ulipwe. Baadhi ya matangazo hayo ni ya kweli na mengine ni mtego. Hata kazi ya kweli ina masharti ambayo wengi huyagundua wakiwa wameshatumia nauli yao.

Makala haya yanaeleza kazi yenyewe, vifaa vinavyotakiwa, na majukumu yasiyo ya kawaida ambayo mkazi anaweza kuombwa kuyafanya.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mteja wa siri hulipwa ili aende mahali pa huduma kama mteja wa kawaida, kisha aeleze alichokiona. Hamwambii mtu yeyote kwamba ametumwa. Anayetaka kupima huduma zake, iwe ni benki, supamaketi, hoteli au kituo cha mafuta, huajiri kampuni ya utafiti, na kampuni hiyo huwatuma wateja wa siri. Jina hili lilianza kutumika Marekani miaka ya 1940. Kabla ya hapo wapelelezi wa kibinafsi walikuwa wakitumwa madukani na kwenye benki kupima uaminifu wa wafanyakazi.

Maswali ya fomu huwa ya kawaida. Ulisubiri dakika ngapi? Ulisalimiwa? Bei ilikuwa imebandikwa? Choo kilikuwa safi? Ulipewa risiti? Malipo ni ya kila ziara, si mshahara wa mwezi.

Kazi hii si ya kuwinda makosa. Ripoti nzuri hutaja mema na mabaya jinsi yalivyokuwa. Fomu hiyo husomwa na msimamizi, na kwa sababu yake mhudumu wa kaunta anaweza kusifiwa, kupelekwa mafunzoni au kupoteza kazi.

Simu ndiyo shahidi

Nilipomaliza chuo, kabla ya kuajiriwa, niliwahi kufanya kazi hii. Siku moja nilitumwa kwenye kituo cha mafuta. Mhudumu aliyekuwa zamu aliniacha nisubiri huku akipiga gumzo, nami nikaandika hivyo. Kumbe betri ya simu yangu ilikuwa imeisha asubuhi hiyo, na nilipoiwasha tena niliweka saa kwa kukisia. Nikaandika kwamba nilifika saa nane na robo mchana.

Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na msimamizi wa kampuni iliyonituma. Zamu katika kituo hicho hubadilishwa saa nane kamili. Mhudumu aliyeitwa kujieleza alikuwa ndiyo kwanza ameingia kazini, na hakuwa amenihudumia. Kilichomwokoa ni risiti, ambayo kwa bahati nilikuwa sijaitupa. Ilionyesha saa saba na dakika hamsini. Ripoti yangu ilifutwa na sikulipwa, na sikuwa na la kulalamikia. Kosa la dakika ishirini na tano kwenye simu yangu lilikuwa karibu limgharimu mtu mwingine riziki yake.

Ndiyo maana kampuni huweka masharti ya teknolojia. Haya ndiyo ya kawaida:

• Simu janja yenye kamera nzuri na nafasi ya kuhifadhi picha. Futa picha na video usizozihitaji kabla ya kuondoka nyumbani.

• Saa inayojirekebisha yenyewe kupitia mtandao. Angalia kwenye mipangilio ya simu kwamba tarehe na saa havijawekwa kwa mkono.

• Huduma ya kuonyesha ulipo, yaani GPS. Programu nyingi za kazi hii hukataa ripoti ikiwa simu haionyeshi kwamba ulifika. Iwashe kabla ya kuingia na uizime ukimaliza.

• Bando la kutosha. Picha kadhaa na fomu ndefu hula data. Kama eneo lina mtandao hafifu, uliza mapema ikiwa programu inaweza kuhifadhi fomu na kuituma baadaye.

• Chaji. Pawa benki ndogo inatosha. Simu ikizima katikati ya ziara, utarudia safari kwa nauli yako.

• Barua pepe yako mwenyewe. Usitumie ya rafiki wala ya mwenye saiba, kwa kuwa maagizo na malipo hupitia hapo.

• Risiti. Ipige picha mara tu unapotoka, kwa sababu wino wa risiti nyingi hufifia. Kama unatumwa kwenye kibanda kisichotoa risiti, uliza kabla ya kwenda ikiwa ujumbe wa M-Pesa wa kulipia utakubaliwa kama ushahidi.

Usijaze fomu ukiwa mbele ya mhudumu. Toka, kaa mahali tulivu na uandike mara moja kabla hujasahau. Jina la mhudumu ulisome kwenye beji. Kama hana beji, andika kwamba hana, usikisie.

Piga hesabu kabla ya kukubali

Tuseme ziara moja inalipwa shilingi 800. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 300, na bando shilingi 100. Unabaki na shilingi 400. Ikiwa safari, ziara na kujaza fomu vitachukua saa nne, umepata shilingi 100 kwa saa. Pengine pia ulinunua bidhaa ya shilingi 500 kwa pesa zako, nawe utarudishiwa baada ya wiki kadhaa.

Uliza maswali matatu kwa maandishi. Nitalipwa lini? Nitarudishiwa gharama zipi? Ripoti ikikataliwa, nani atabeba gharama ya nilichonunua? Kampuni ya kweli hujibu bila kukasirika.

Majukumu yasiyo ya kawaida

Si kila kazi ni ya kununua mkate na kuhesabu dakika kwenye foleni. Haya ni baadhi ya majukumu yanayoweza kukushangaza.

Kujifanya mgonjwa. Kuna utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 2017, ambapo watu waliofunzwa walitembelea vituo 42 vya afya wakieleza dalili za kifua kikuu, pumu, ugonjwa wa moyo, au za mtoto anayeharisha. Mtoto huyo alisemekana kuachwa nyumbani, hivyo hakuna mtoto aliyepewa dawa asizohitaji. Katika kazi za aina hii, waigizaji hufundishwa jinsi ya kukataa kwa adabu kudungwa sindano au kutolewa damu. Kazi kama hii huhitaji watafiti, kibali cha maadili na mafunzo. Ukitumiwa jukumu la mgonjwa kupitia ujumbe wa simu tu, bila mafunzo, likatae. Unaweza kuumia, na unaweza kuchukua nafasi ya mgonjwa wa kweli kwenye foleni.

Kuomba mkopo. Unaweza kutumwa kuona ikiwa mhudumu anaeleza riba na ada zote. Hilo ni jambo la manufaa kwa wananchi. Lakini uliza utakomea wapi. Kuuliza maswali na kuchukua karatasi za maelezo ni sawa. Usitie sahihi wala usipokee pesa, kwa maana mkopo utakuwa wako na rekodi yake itakuwa kwa jina lako.

Kupima umri. Uingereza, maduka huwatumia vijana waliokwisha kutimiza miaka 18 lakini wenye sura changa, ili kuona kama keshia ataomba kitambulisho kabla ya kuuza pombe. Hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Mtu akikuomba umtume mtoto wako au wa jirani kununua pombe ama sigara ili "kupima duka", kataa.

Kurekodi kwa siri. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahusu pia sauti na picha za mtu anayetambulika. Usirekodi kwa sababu tu umeambiwa kwamba ni sehemu ya kazi. Kampuni ikuonyeshe kwa maandishi kwamba mwenye biashara amekubali, wafanyakazi wamearifiwa kuwa huduma hupimwa kwa njia hiyo, na rekodi itatunzwa vipi. Kamwe usirekodi wateja wengine, wagonjwa wala watoto.

Kutoa hongo ili kumpima afisa. Hili halina mjadala. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Kusema kwamba ulitumwa na kampuni hakutakuokoa. Kama umeombwa hongo katika ofisi yoyote ya umma, zikiwemo za kaunti, usilipe ili kupata ushahidi. Piga ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi kupitia nambari 1551, bila malipo.

Kujifanya afisa. Mteja wa siri huficha kwamba ametumwa, lakini hajipi cheo. Kujifanya mkaguzi wa afya, askari au afisa mwingine wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Nanyi wenye biashara, mtu akijitambulisha kuwa mkaguzi wa kaunti, muombeni kitambulisho cha kazi kabla ya kumruhusu kuingia jikoni au stoo.

Dalili za mtego

Dalili ya kwanza ni kuombwa pesa. Ada ya usajili, ada ya mafunzo, ada ya kufungua akaunti: majina ni mengi lakini lengo ni moja. Mwajiri hulipa, halipwi.

Ya pili ni kutumiwa pesa kisha kutakiwa kuzituma kwingine. Marekani, matapeli hutuma hundi bandia na kumwambia mtu aiweke benki, anunue kadi za zawadi na kuwatumia nambari zake. Hundi ikigunduliwa kuwa bandia, mwenye akaunti ndiye hudaiwa. Hapa kwetu hundi inaweza kuwa ujumbe bandia wa M-Pesa. Usiamini ujumbe. Angalia salio lako.

Ya tatu ni kuombwa nambari ya siri ya M-Pesa, tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu yako, au kupakua programu kutoka kiungo kisicho cha duka rasmi la simu yako. Kampuni ya kweli inaweza kuhitaji jina, nambari ya simu ya kukulipa na nambari ya PIN ya KRA kwa ajili ya kodi. Haihitaji PIN ya M-Pesa. Ikitaka nakala ya kitambulisho, uliza kwa nini na itahifadhiwa vipi. Una haki ya kujua.

Kabla ya kujisajili, tafuta jina la kampuni kwenye huduma ya usajili wa biashara katika eCitizen. Angalia pia kama imesajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hatua hizo haziwezi kukuhakikishia kila kitu, lakini matapeli wengi hukwama hapo.

Ukishatuma pesa

Usione haya, na usikawie. Kama umetumia Safaricom, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 ili uombe urejeshwe. Ukifanya hivyo kabla pesa hazijatolewa, una nafasi nzuri zaidi. Nambari ya tapeli itume kwa 333. Kisha fika kituo cha polisi kilicho karibu ukachukue nambari ya OB, au upige simu kwa DCI bila malipo kupitia 0800 722 203. Usifute mazungumzo, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako.

Mkazi anayepata kazi halali ya aina hii aifanye kwa moyo safi. Ripoti ya kweli inaweza kumfanya mwenye duka abandike bei, asafishe choo, au aongeze keshia siku za mwisho wa mwezi, na sote tukafaidika. Ila usisahau kwamba aliye upande wa pili wa kaunta ni mkazi mwenzako, na huenda ana watoto wanaomsubiri jioni. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, soma fomu yako mara ya pili na ulinganishe saa uliyoandika na ile iliyo kwenye risiti.