Mvua ya kwanza inabeba nini?

Mvua ya kwanza tunaipokea kwa furaha. Lakini maji yake, yakipita katika njia za Katoto, yanaokota yote tuliyoacha wakati wa kiangazi: mavi, mafuta ya pikipiki, betri za tochi. Kisha yanatelemka hadi visimani.

Tuhesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni litri 1. Lupango la meta 20 kwa 15, mvua ya milimita 20: litri 6000. Yakitiririka yote, na kila litri ina gramu 1 ya uchafu, ni kilo 6. Lupango moja tu!

Wataalamu wanapima hivyo: uchafu wa litri mara wingi wa maji. Sisi tutumie chupa tatu nyeupe. Mwaka jana, mimi na wanafunzi tulichota mferejini mwanzo wa mvua, baada ya nusu saa, na mwisho. Kesho yake, chupa ya kwanza ilikuwa na tope la vidole viwili. Ya tatu, kidogo sana.

Lakini maji meupe si maji safi: vijidudu vya kipindupindu havionekani. Kuchemsha kunaviua, ila hakuondoi mafuta wala sumu ya betri.

Basi, mama, tufagie mifereji kabla ya mvua, tuinue ukingo wa kisima na kukifunika. Watoto wasicheze katika maji ya mfereji. Tusiwangojee wagonjwe ndipo tuanze.