Fahamu: Tofali lisilochomwa linavyopunguza hewa ya ukaa

Saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Tatizo si moto wa tanuri pekee: mawe ya chokaa yakipashwa joto, yenyewe hutoa hewa hiyo. Matofali ya kuchoma nayo yanakula kuni, na kuni ni misitu.

Njia mbadala ni ipi?

Ni matofali ya kufungamana, yanayozidi kuonekana Tanzania, Kenya na Uganda. Udongo hutolewa karibu na kiwanja, huchekechwa na kuchanganywa na saruji kidogo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, kisha hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Matofali hayo hayachomwi, bali hufunikwa na kumwagiliwa maji hadi yakomae.

Nafuu iko wapi?

Tofali lina meno yanayoshikana na mwenzake, hivyo fundi hutumia saruji kidogo sana ya kuyaunganisha. Ukuta ukipangwa vizuri, plasta si lazima. Usafirishaji nao hupungua.

Tahadhari ni zipi?

Si kila udongo unafaa; wenye mfinyanzi mwingi hupasuka. Maji nayo ni adui, hivyo jenga msingi ulioinuka na paa lenye upenu mpana.

Kabla ya kukodi mashine, tia udongo na maji kwenye chupa, tikisa, kisha uache utulie. Mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu. Tabaka la mfinyanzi likiwa nene, tafuta udongo mwingine au ongeza mchanga.