Sigara ya Kuba na Ugoro wa Bariadi
Sigara nene ya Kuba huvingirishwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Zilizo laini, kama za chapa ya Hoyo de Monterrey, hupunguziwa majani ya kileleni mwa mmea, ambayo ndiyo makali. Moshi wa sigara hizi haumezwi: hukaa kinywani, ukaonjwa, ukatolewa polepole.

Mkoa wa Simiyu, uliko mji wa Bariadi, ni nchi ya pamba, si ya tumbaku. Tumbaku ya Tanzania hulimwa zaidi Tabora na hukaushwa kwa joto la kuni kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia. Ya Kuba huanikwa kivulini, kisha ikavundikwa. Ladha waijuayo wazee wa Bariadi ni ya ugoro, tumbaku iliyosagwa, mara nyingi pamoja na magadi. Ugoro hauna moshi, lakini nikotini hupenya vilevile, na hatari ya saratani ya kinywa ipo kwa sigara na kwa ugoro.